Kombi iliyopoteza gia ya pili: shajara ya kutengeneza liva ya gia, Dodoma

Jumamosi, 14 Juni 2025. Tatizo

Gari ni Volkswagen Kombi ya 1974, usukani kulia, gia nne na rivasi. Niliinunua miaka mitatu iliyopita kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, aliyeiendesha miaka mingi, na kwangu ina kazi moja kubwa: kubeba makreti ya zabibu kutoka shambani Mpunguzi kuja mjini. Msimu unaofuata ni Agosti na Septemba. Nina wiki kama nane.

Liva inazunguka kama mwiko kwenye sufuria ya uji. Ukiwa frii hujui kama uko frii. Ya tatu na ya nne zinaingia ukizitafuta kwa subira. Balaa liko kwenye kutoka ya kwanza kwenda ya pili: mkono unavuta kama kawaida, halafu inasikika kelele ya meno kule nyuma, kwa sababu liva imepitiliza na kwenda kugonga rivasi wakati gari linatembea. Jumatano imenitokea mara mbili karibu na Jamatini, huku daladala zimenibana nyuma.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakulala chini ya gari. Aliishika liva, akaitikisa, akasema gia boksi imekwisha, ishushwe. Laki nane na nusu, nusu ilipwe leo. Nimerudi nayo nyumbani. Huenda yuko sahihi, lakini kwenye Kombi gia boksi iko nyuma kabisa na liva iko mbele kabisa, na katikati kuna njia ndefu ambayo hajaiangalia. Nataka kuikagua hiyo njia kwanza, na naandika kila hatua kwa sababu Kombi zimebaki chache huku kwetu na mafundi waliozizoea wamebaki wachache zaidi.

Jumapili, 15 Juni. Je, gia boksi ni nzima?

Baada ya ibada nimevaa ovaroli. Nimeanza na vitu vya bei rahisi. Klachi ya Kombi inavutwa kwa waya. Pedali yangu ina nafasi ya kama sentimita moja na nusu kabla haijaanza kuvuta, ni sawa, nimeiacha. Mafuta ya gia boksi yalikuwa chini ya tundu la kujazia. Kifuniko chake kinafunguliwa kwa funguo ya pembe sita ya milimita 17 ambayo sina. Nimechukua bolti ya milimita 10, ambayo kichwa chake ni 17, nikafunga nati mbili na kuzikaza moja dhidi ya nyingine, nikaingiza kichwa kwenye kifuniko na kuzungusha nati kwa spana. Kimefunguka bila kelele. Imekunywa karibu lita moja ya mafuta ya gia ya 80W-90, daraja la GL-4 (shilingi 16,000) mpaka ikaanza kudondoka tunduni. Gia hazikubadilika hata kidogo.

Halafu kipimo chenyewe, na kama utaiga jambo moja tu hapa, iga hili. Mkono wako hauigusi gia boksi. Liva inasukuma rodi ndefu inayopita chini ya sakafu mpaka nyuma, na rodi inaungana na shafti fupi inayotokeza kwenye pua ya gia boksi. Kiungo hicho mafundi wanakiita kaplingi. Ukizungusha shafti hiyo unachagua mstari wa gia, ukiisukuma au kuivuta unaingiza gia. Basi nimezuia magurudumu kwa mawe, nimelaza turubai, nimefungua skrubu ya kaplingi na kuisukuma rodi mbele ikaachana na shafti. Nikaishika shafti kwa koleo, kitambaa katikati ili isichubuke, nikaichagulia gia kwa mkono. Kwanza: tak. Pili: tak. Tatu, nne, rivasi. Kila moja iliingia kwa mlio mkavu na kukaa, na mwanangu aliyekuwa akizungusha gurudumu la nyuma lililo kwenye jeki alinithibitishia kila mara kwamba linashika.

Gia boksi ni nzima. Ugonjwa uko kati ya kiganja changu na ile shafti.

Jumamosi, 21 Juni. Kufungua na kupima

Kabla ya kufungua chochote nimeweka rula ya mbao kwenye dashibodi na kupima liva ikiwa frii inacheza kiasi gani kushoto na kulia, nikipimia kwenye kirungu cha juu. Sentimita 11. Hiyo ndiyo namba ya kuishusha.

Liva imeshikwa na bolti mbili za spana 13. Kabla ya kuzitoa nimechora kwa msumari kuzunguka kitako chake ili nijue kilipokuwa. Ukiinua liva, chini yake kuna springi, na chini ya springi kuna kibati. Kibati hiki ni kidogo lakini kina kazi ya ulinzi: ukingo wake mmoja umeinuka, na ndio unaoizuia liva isiende rivasi mpaka dereva aibonyeze chini kwanza. Nikakitia alama.

Niliyoyakuta naanza na mbele. Ncha ya chini ya liva inatakiwa iwe tufe, ikae kwenye kikombe cha rodi. Yangu imelika pande mbili mpaka imekuwa kama punje ya hindi. Ukingo wa kibati umechimbwa mfereji unaoingia ukucha, na mfereji huo uko palepale liva inapopita ikienda gia ya pili. Hapo ndipo rivasi ilipokuwa inapenyea. Springi imelegea, naibana kwa vidole viwili.

Chini ya gari mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyuma kidogo ya liva kuna bushi ya plastiki inayoibeba rodi ili isining'inie. Bushi haipo. Kilichobaki ni pete ya waya, na mahali pa bushi mtu amezungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli akaufunga kwa waya wa kufungia nondo. Grisi na vumbi letu jekundu vimekandana humo miaka na miaka mpaka vimekuwa ugoro mzito. Nilipousugua kidoleni ulikuwa unakwaruza kama msasa. Huo ndio uliokuwa unaitafuna rodi kila ninapobadilisha gia. Na kule nyuma, mipira miwili ya kaplingi imepasuka, tundu lake limekuwa yai.

Nimempigia simu mzee aliyeniuzia. Nikamsalimu, shikamoo mzee, akaitikia, marahaba mwanangu, na nikamuuliza habari za ukanda wa tyubu. Hakuficha. Alisema aliufunga yeye, njiani, akitoka Kondoa, bushi ilipovunjika, akikusudia kuubadilisha akifika. "Kombi ikishakubali kutembea, mwanangu, ahadi zinasahaulika." Akaniambia pia kwamba zamani gia ya pili ilikuwa inaingia kwa kidole kimoja, ili nijue ninatafuta kitu gani.

Kwa hiyo ni sehemu tano, na hakuna hata moja ambayo peke yake ingeharibu gari. Ncha imelika milimita mbili, bushi tatu, kaplingi mbili, na makosa hayo yakifika juu kwenye kirungu, kwa urefu wa liva, yanakuwa sentimita 11.

Jumamosi, 28 Juni. Mpira wa tairi, na kwa nini haufai

Mipira ya kaplingi na springi nimeviagiza Dar es Salaam: mipira 48,000, springi 12,000, basi limetoza 5,000 kuleta kifurushi. Bushi ya mbele hawakuwa nayo.

Nilikwenda soko la Majengo kwa fundi wa katambuga, nikamwomba anikatie bushi kwenye tairi la lori. Alifanya kazi nzuri sana, tundu limenyooka, kingo laini, kwa 6,000. Nimeifunga, nimerudisha liva na springi mpya, nimeendesha mpaka Mnadani na kurudi.

Kelele zimeisha, gari limekuwa kimya, na kwa nusu saa nilidhani nimemaliza. Lakini gia ya tatu ilianza kuruka: unaingiza, unaongeza mafuta, inatoka yenyewe. Nililala chini mwanangu akibadilisha gia huku injini imezimwa, ndipo nikaona. Liva inaisukuma rodi, mpira unajibana, rodi inakwenda pungufu ya inavyotakiwa, gia inaingia nusu. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuirudisha rodi nyuma. Bushi hii kazi yake ni kuiacha rodi iteleze na izunguke bila kupanda wala kushuka. Kitu kinachobonyea kinaila ile safari fupi ambayo gia inaihitaji yote. Usiendeshe na gia inayoingia nusu, meno ya gia boksi nzima yatalika kwa ajili ya bushi ya 6,000. Nimeitoa siku hiyohiyo.

Jumatatu, 7 Julai. Nailoni

Saba Saba, hakuna kazi, lakini fundi wa kukereza Kizota alikuwa amefungua. Nimenunua kipande cha nailoni cha mviringo (15,000) na ujira wake ni 20,000. Tulipima rodi sehemu tatu kwa venia, kile kipimo cha unene na matundu. Usichukue vipimo vyangu, kila rodi imelika kivyake. Safisha yako, ipige msasa laini, uipime pale inapopita kwenye bushi.

"Nikuachie nafasi kiasi gani, mwalimu?" aliniuliza. Nikamwambia aache kidogo kabisa, robo milimita, kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na kitu kinachocheza. Mkononi bushi iliteleza kwenye rodi vizuri mno. Nyumbani nikaigonga kwenye kishikio chake kwa nyundo ya mbao, nikapitisha rodi. Ikakwama. Nikaipaka grisi, nikaisukuma kwa nguvu, ikaingia, na baada ya hapo liva ikawa ngumu kama pampu ya kisima. Ukiingiza ya kwanza unahitaji mikono miwili.

Nilipoteza jioni nzima nikidhani rodi imepinda. Niliitoa, nikailaza kwenye kioo cha meza, nikaiviringisha: imenyooka.

Jumamosi, 12 Julai. Kosa limepatikana

Nimerudi Kizota na kishikio chenyewe, bushi ikiwa ndani. Fundi ameingiza venia tunduni kabla sijamaliza kueleza. Tundu limepungua. Bushi inapoingizwa kwa kubanwa, ukuta wake wa nje unasukumwa ndani, na kwa nailoni tundu linafuata. Ile robo milimita yote ilikuwa imeliwa na kishikio. "Nilitakiwa nikuulize inakaa wapi," alisema, na mimi nilitakiwa nimpelekee kishikio tangu mwanzo. Anayeiga afanye hivi: bushi ikerezwe nje, ibanwe kwenye kishikio, ndipo tundu lipanuliwe kwa kipimo cha rodi. Tumeacha nusu milimita sasa. Ameichonga pia mifereji miwili ndani ya tundu ili grisi ipate pa kukaa. Shilingi 10,000.

Rodi sasa inapita kwa kidole, na ukiitikisa juu na chini haigongi.

Ncha ya liva nimeipeleka kwa mchomeleaji wa gesi jirani yake. Ameijaza kwa shaba ya njano (15,000), siyo kwa umeme, kwa sababu chuma cha kulehemu kwa umeme kingekuwa kigumu na kuanza kula kikombe cha rodi ambacho siwezi kukipata dukani. Shaba ikilika, ilike yenyewe. Kuirudisha kuwa tufe nimetumia tupa na kipande cha bati nilichokitoboa tundu la duara: unapitisha ncha kwenye tundu, panapogusa unakata, unageuza. Imechukua karibu saa tatu. Ukingo wa kibati ameujaza hapohapo bila kuongeza bei, kwa chuma, maana huo lazima uwe mgumu.

Jumamosi, 19 Julai. Kufunga, na kibati kilichogeuka

Kusafisha kila kitu kwa mafuta ya taa, grisi mpya (9,000), mipira mipya ya kaplingi, bushi, rodi, springi. Juu ya bushi nimevalisha kipande cha tyubu ya pikipiki (3,000), nimekifunga pande zote mbili kama soksi, ili vumbi lisiingie. Kwa Dodoma hilo siyo pambo. Upepo wa Julai unapuliza vumbi mpaka ndani ya kabati.

Nilipomaliza, gia zote nne ziliingia na rivasi ikakataa kabisa. Nimebonyeza liva, nimeisukuma kushoto, haiendi. Ile alama niliyoipiga tarehe 21 ilikuwa upande wa ukingo, na mchomeleaji alipoujaza ikafunikwa. Nimekirudisha kibati kwa kukisia, kinyume. Kukigeuza ni dakika kumi. Pigeni alama mbili, tena kwenye sehemu isiyofanyiwa kazi.

Baada ya hapo ni marekebisho, na hapa usiwe na haraka. Matundu ya bolti za kitako cha liva ni marefu kidogo, kwa hiyo kitako kinasogea. Nimeanzia kwenye mistari ya msumari niliyochora mwanzo, na haikufaa, kwa sababu mistari ile ilikuwa imerekebishwa kufuata vyuma vibovu. Niliweka gia ya pili, nikalegeza bolti, nikaisogeza liva mpaka ikasimama wima na ubavu wake ukagusa tu ukingo wa kibati bila kuubana, nikakaza. Kisha kwanza, pili, tatu, nne, rivasi, injini ikiwa imezimwa, halafu injini ikiwaka, halafu barabarani. Mara ya nne ndiyo iliyokubali.

Rula: sentimita tatu.

Ijumaa, 8 Agosti. Skrubu

Tulikwenda Nane Nane, uwanja wa Nzuguni, mimi, mke wangu, mwanangu na shangazi yangu aliyekuja kutoka Mpwapwa. Kwenda, gari limetembea kama jipya. Kurudi, mita mia chache kutoka getini, nikiwa gia ya tatu, liva ikalegea ghafla mkononi na haikushika kitu tena. Frii haipo, pili haipo. Nikakanyaga klachi, nikalipeleka pembeni, nikazima.

Nilijua kabla sijashuka. Skrubu ya kaplingi, ile yenye kichwa cha mraba na ncha iliyochongoka inayoingia kwenye kidimbwi cha shafti, inatakiwa kufungwa waya ili isijifungue kwa mtetemo. Tarehe 19 nilikuwa sina waya, nikaikaza kwa nguvu nikajiambia nitaufunga kesho. Kwenye karatasi yangu ya hatua sikuandika chochote, na kesho ilipita. Mzee wa Kikuyu na ukanda wake wa tyubu nilimwelewa hapohapo. Shangazi alikuwa ameketi kwenye jua ukingoni mwa barabara, kanga kichwani, akiniambia, "Taratibu baba, hatuna haraka," na hilo liliniuma kuliko kama angelalamika.

Skrubu ilikuwa imedondoka. Bodaboda ya kwenda na kurudi 8,000, bolti ya unene uleule 2,000, waya laini 1,000. Bolti niliichonga ncha kwa tupa niliyokuwa nayo garini, nikatoboa kichwa kwa mashine ya mkono ya kutobolea ya seremala aliyekuwa na kibanda hapo jirani, naye hakutaka hela. Nikaiingiza mpaka nikaisikia imekaa kwenye kidimbwi, nikakaza, nikapitisha waya kichwani na kuuzungusha kwenye kaplingi kwa upande unaovuta kukaza. Baada ya saa moja na nusu tulikuwa njiani tena.

Kwa wote mnaofuata: kaplingi haijafungwa mpaka waya umefungwa.

Jumamosi, 23 Agosti. Mzigo wa kwanza

Makreti kumi na nane kutoka Mpunguzi, barabara ya Iringa, alfajiri. Nimebadilisha gia nikiwa nimebeba mzigo kupanda na kushuka, na ya pili imeingia kila mara. Siyo kwa kidole kimoja, kwa viwili. Rivasi inakubali tu ukibonyeza, na mwanangu alipojaribu kwa makusudi kuilazimisha bila kubonyeza, ukingo wa kibati ulimkatalia.

Nimejumlisha risiti zote, pamoja na bushi ya tairi iliyotupwa, nailoni, na bodaboda ya Nzuguni: 170,000. Saa za kazi sikuzihesabu, ni siku sita na nusu.

Nimelala chini tena leo jioni kabla ya kuosha mikono. Soksi ya tyubu imekauka na grisi haijachuruzika. Waya wa kaplingi uko palepale. Kuna jambo moja limebaki: mpira wa kuzuia vumbi kwenye pua ya gia boksi umechanika upande wa juu, na kwa sasa nimeuviringishia kitambaa cha turubai. Nimeagiza mwingine. Ukifika nitaongeza tarehe yake hapa na bei yake.